Sarafu Kongwe za Familia: Ipi Halali, Ipi Bandia, na Ipi Isiyo Katika Makundi Hayo

Mtu anapofungua kopo la sarafu kuukuu alizoachiwa na wazee wake, swali la kwanza huwa ni thamani yake, na la pili, ambalo kwa kweli lilistahili kutangulia, ni kama sarafu zenyewe ni halali. Wengi hudhani swali hilo lina majibu mawili tu, ndiyo au hapana, na kosa huanzia hapo. Sarafu inaweza kuwa na dhahabu kamili na bado ikawa ya kughushi. Inaweza kuwa na mwaka usio wa kweli na bado ikawa imetoka katika kiwanda rasmi cha serikali. Inaweza pia kuwa ilitengenezwa ili kumlaghai mchuuzi wa miaka 150 iliyopita, au ili kumlaghai mkusanyaji wa juzi tu, na dalili za ulaghai wa namna moja hazifai kuuhukumia wa namna nyingine.

Kabla ya kipimo chochote, sarafu zisisafishwe. Ninalisisitiza hili kwa sababu ndilo kosa lisilorudi nyuma: ndimu, siki, majivu, dawa ya meno na brashi huondoa utando wa ukale uliojengeka kwa miongo mingi, na utando huo ni sehemu ya ushahidi. Rangi iliyozama ndani ya mianya ya herufi, uchafu uliojaa sawasawa kati ya meno ya ukingo, na mng'aro uliobaki katika pembe zisizoguswa na vidole ni mambo ambayo mtaalamu huyasoma kama mwandiko. Zaidi ya hayo, sarafu halali iliyosuguliwa hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake kwa wakusanyaji, na hakuna njia ya kuirudishia. Ishikwe ukingoni kwa vidole viwili, juu ya kitambaa laini, na iachwe ilivyo.

Tukija kwenye makundi yenyewe, la kwanza na la kale zaidi ni bandia zilizotengenezwa wakati sarafu halali ilipokuwa bado ikitumika, kwa nia ya kuzipitisha sokoni. Ulaghai huu una umri unaokaribia umri wa sarafu zenyewe. Huko Athens, sheria iliyopitishwa mwaka 375 kabla ya Kristo, ambayo jiwe lililochongwa maandishi yake lilifukuliwa mwaka 1970, ilimweka sokoni mtumwa wa umma aliyekuwa na kazi moja tu, kupima sarafu za fedha. Alipokuta sarafu yenye kiini cha shaba au cha risasi, alipaswa kuikata papo hapo, nayo ikawekwa wakfu kwa Mama wa Miungu ili isirudi tena mikononi mwa watu. Kiini cha shaba kilichofunikwa kwa ganda jembamba la fedha ndicho kilichokuwa hila ya kawaida ya zama hizo, na ndiyo sababu sarafu nyingi za Athens zilizohifadhiwa hadi leo zina mkato wa patasi usoni: mtu fulani alitaka kuona kilichomo ndani.

Bandia za kundi hili kwa kawaida ni za metali duni, yaani risasi iliyochanganywa na bati, au shaba iliyochovywa fedha au dhahabu. Hata hivyo, udhaifu wa metali si kanuni. Katika karne ya 19 walaghai walitengeneza sarafu za dhahabu za Hispania kwa kutumia platinamu na kuzichovya dhahabu juu, kwa sababu wakati huo platinamu ilikuwa rahisi kuliko dhahabu na ilikuwa na uzito wa kutosha kuipita mizani. Ikiwa uchovyaji umelika, rangi ya kijivu huchomoza kwanza kwenye sehemu zilizoinuka, kama vile shavu la mfalme na ncha za meno ya ukingo.

Kundi la pili ni la bandia zilizolengwa kwa wakusanyaji. Giovanni da Cavino wa Padua, aliyeishi kati ya 1500 na 1570, alichonga mihuri, yaani vyuma vya kupigia chapa sarafu, mizuri mno ya kuigiza sarafu kubwa za Kirumi, na kazi zake leo hukusanywa kwa ajili yake yeye mwenyewe. Carl Wilhelm Becker, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1772 na kufariki mwaka 1830, alikwenda mbali zaidi. Alichonga mihuri ya mamia ya sarafu za kale, na inaelezwa kwamba alizitia sarafu zake mpya katika sanduku lenye chembe za chuma, akalifunga kwenye gari lake la farasi, ili mtikisiko wa barabara uzikwaruze na kuzipa sura ya ukongwe. Karibu naye, ingawa bila nia mbaya, kuna nakala zilizotengenezwa kwa umeme kwa ajili ya majumba ya makumbusho, ambazo huundwa kwa maganda mawili, la uso na la mgongo, yakaunganishwa. Nakala za namna hiyo zilizotengenezwa na Robert Ready katika jumba la makumbusho la British Museum huwa na herufi RR ukingoni. Nyingi zimehama mkono hadi mkono mpaka asili yake ikasahaulika, na mrithi wa leo huzipokea kama sarafu za Kigiriki.

Kundi la tatu husumbua hata wajuzi, nalo ni la sarafu halali zilizobadilishwa. Mfano unaoeleweka upesi ni senti ya Marekani ya mwaka 1943. Mwaka huo, kwa sababu ya vita, senti zilipigwa kwa chuma kilichopakwa zinki, na chache tu zilitoka kwa shaba kwa bahati mbaya, ambazo leo ni za thamani kubwa mno. Walaghai huchukua senti ya chuma wakaichovya shaba, au huchukua senti ya shaba ya mwaka 1948 wakakwangua upande wa kushoto wa tarakimu ya mwisho mpaka 8 ionekane kama 3. Hila ya kwanza hufichuliwa na sumaku kwa nukta moja, kwa kuwa shaba haivutwi. Ya pili sumaku haina la kusema. Hapo ni kioo cha kukuzia, kwa sababu 3 ya kweli ya mwaka huo ina mkia mrefu unaoshuka, na nusu ya 8 haina mkia.

Kundi la nne si la bandia kabisa, na hapa ndipo familia nyingi hutupa kitu kizuri kwa kukosa maelezo. Dola ya fedha ya Maria Theresa wa Austria huwa na mwaka 1780, mwaka aliofariki malkia huyo. Biashara ya Bahari ya Shamu na nchi zinazoizunguka iliizoea sura yake kiasi cha kuikataa sarafu nyingine, kwa hiyo iliendelea kupigwa baada ya kifo chake, na mwaka ukabaki 1780 daima. Vienna, Venice, Milan, Rome, London, Paris na Bombay ni baadhi ya miji iliyoipiga kwa nyakati tofauti. Sarafu yenye mwaka 1780 inaweza basi kuwa ilipigwa mwaka 1780, au mwaka 1850, au 1936, na zote zikawa halali kwa maana ya kuwa na uzito na fedha iliyotakiwa: gramu 28.07, kati yake gramu 23.39 zikiwa fedha safi. Kuzipambanua kunategemea mambo madogo kama idadi ya lulu za bruchi, yaani pambo la kubania nguo, begani mwa malkia na umbo la manyoya ya mkia wa tai. Kuiita bandia kwa sababu tu mwaka wake si wa kweli ni kukosea. Bandia zake zipo pia, tena nyingi, ila hujulikana kwa uzito na kwa ukingo, ambao kwa sarafu halali huwa na maneno ya Kilatini IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaani haki na huruma, yaliyoinuka na kusomeka vizuri.

La mwisho ni vitu vya michezo na kumbukumbu. Waingereza wa karne ya 19 walitumia vipande vya duara vya shaba ya njano vilivyoigiza sarafu ya dhahabu ya Mfalme George wa Tatu kuhesabia alama katika michezo ya karata. Baadhi yake vina maandishi yanayosema wazi kwamba ni kwa kumbukumbu ya siku njema za zamani, lakini asiyeisoma lugha huona kichwa cha mfalme na rangi ya dhahabu, akaamini.

Baada ya kujua makundi hayo, vipimo vinapata maana. Kanuni ninayoishikilia ni kwamba kipimo kinaweza kuikataa sarafu, lakini hakuna kipimo kimoja kinachoweza kuithibitisha. Sarafu iliyoshindwa katika uzito imeshindwa. Iliyofaulu imefaulu uzito tu.

Mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu ndiyo chombo cha kwanza. Pauni ya dhahabu ya Uingereza, ile iitwayo sovereign, ina uzito wa gramu 7.988 na upana wa milimita 22.05, na kwa sheria ya zamani haikuruhusiwa kuendelea kutumika ikishuka chini ya gramu 7.938. Sarafu hupungua kwa kusuguana mifukoni, lakini haiongezeki. Kwa hiyo iliyochakaa kidogo na kupungua kidogo ni jambo la kawaida, ilhali iliyochakaa sana na bado ina uzito kamili, au imezidi, inapaswa kutiliwa shaka mara moja. Pauni ya shaba ya njano yenye vipimo vilevile vya upana na unene ingekuwa na uzito usiozidi gramu 4 hivi, karibu nusu ya halali. Mlaghai akitaka kuufikia uzito hana budi kuinenepesha sarafu, na unene huo kidole huuhisi hata kabla ya kuupima.

Kwa sarafu za fedha tofauti si kubwa kiasi hicho, na hapo ndipo msongamano, yaani uzito wa metali katika kila sentimita ya ujazo, unapokuwa na kazi. Chukua dola ya fedha ya Marekani ya aina ya Morgan, iliyopigwa kuanzia 1878 hadi 1904 na tena mwaka 1921. Uzito wake ni gramu 26.73, na asilimia 90 yake ni fedha. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha usomaji kwenye sufuri, kisha ifunge sarafu kwa uzi mwembamba uitumbukize mpaka izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Mizani itaonyesha namba ndogo, na namba hiyo ni uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu, ambao kwa gramu ni sawa na ujazo wa sarafu kwa sentimita za ujazo. Kwa dola halali namba itakuwa karibu na 2.6, na 26.73 ukiigawa kwa 2.6 unapata 10.3, ambao ndio msongamano wa mchanganyiko huo wa fedha na shaba. Dola bandia ya shaba na nikeli iliyonenepeshwa hadi ifikie gramu 26.73 itasukuma maji ya gramu 3, na hesabu itatoa 8.9. Machoni zinaweza kufanana kama mapacha, majini zinaachana. Tikisa uzi taratibu kwanza, kwa maana vipovu vya hewa vilivyong'ang'ania juu ya sarafu huongeza ujazo na kuiponza sarafu halali. Na kwa sarafu ndogo sana, kosa dogo la mizani hupotosha jibu lote, kwa hiyo kipimo hiki kifanyike mara kadhaa na kichukuliwe wastani wake.

Mlio nao husaidia. Sarafu ya fedha ikiwekwa juu ya ncha ya kidole na kugongwa kwa kalamu hulia kwa sauti nyembamba inayodumu, ilhali ya risasi hutoa mdundo uliokufa. Lakini sarafu halali yenye ufa usioonekana nayo hulia vibaya, hivyo mlio usitumike peke yake, na sarafu isidondoshwe sakafuni kama wafanyavyo wengi. Sumaku huwakamata walaghai wavivu tu wanaotumia chuma, ingawa hao si wachache siku hizi, na ikumbukwe kwamba zipo sarafu halali za chuma na za nikeli ambazo huvutwa.

Vipimo hivyo vyote hushindwa pale bandia inapokuwa na metali sahihi. Huenda msomaji akauliza ni nani atakayeghushi dhahabu kwa dhahabu. Katika miaka ya 1940 na 1950, pauni ya dhahabu ya Uingereza iliuzwa katika nchi nyingi kwa bei iliyozidi dhahabu iliyomo ndani yake, kwa sababu watu waliiamini, na pengo hilo liliwatosha watengenezaji wa siri wa Italia na Lebanoni. Wingi wa bandia hizo ulikuwa miongoni mwa sababu za Uingereza kuanza tena kuzipiga mwaka 1957. Vivyo hivyo, dola za Morgan za miaka 1896, 1900 na 1902 zenye herufi O ndogo kupita kawaida, ambayo ni alama ya kiwanda cha New Orleans, zilithaminiwa kwa miongo mingi kama toleo adimu, mpaka mwaka 2005 kampuni ya uthibitishaji ya PCGS ilipotangaza kwamba ni bandia za zamani. Zilikuwa na fedha ya kutosha. Kilichozifichua ni kwamba sarafu za miaka tofauti zilikuwa na dosari zilezile mahali palepale, jambo lisilowezekana kwa kazi ya halali.

Dosari inayojirudia ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote. Mlaghai wa muhuri mara nyingi huanza na sarafu halali kama kielelezo na kuchukua chapa yake, na chapa hiyo hubeba kila mkwaruzo uliokuwapo, pamoja na ule wa bahati mbaya. Sarafu zote zitakazotoka humo zitakuwa na mkwaruzo huohuo. Ukikuta katika kopo moja sarafu mbili zenye shimo dogo pembeni mwa pua ya mfalme, mahali palepale na kwa umbo lilelile, chunguza ndani ya shimo kwa kioo kinachokuza mara 10. Jeraha la kweli, lililotokana na kugongana, huwa na kingo kali na sakafu inayong'aa tofauti na uso wa jirani. Lile lililonakiliwa huwa na kingo laini, na mng'aro wa uso hupita juu yake bila kukatika.

Kwa kioo hichohicho huonekana pia tofauti kati ya sarafu iliyopigwa kwa muhuri na iliyosubiwa, yaani iliyomiminwa katika kalibu. Katika kupiga, metali husukumwa kwa nguvu kuelekea ukingoni, nayo huacha mistari myembamba kama nywele inayofanya mwanga uzunguke kama miali ya gurudumu pale sarafu inapogeuzwa chini ya taa. Katika kusubu hakuna msukumo huo. Herufi hukutana na uso kwa mteremko badala ya pembe kali, uso huwa na vitobo vya duara vilivyoachwa na vipovu vya hewa, na ukingoni hubaki mstari wa maungio ambao mara nyingi umepigwa tupa ili kuufuta. Lakini hapa tahadhari inahitajika, hasa kwa sarafu za familia. Sarafu nyingi za dhahabu ziliwahi kuvaliwa kama mapambo, na sonara aliyezitia kwenye mkufu aliacha alama za tupa na mabaki ya kuungia ukingoni. Sarafu zilizokaa ardhini huliwa na kutu na kuwa na vishimo. Vishimo vya kutu havina umbo maalumu, ilhali vya hewa ni vya duara. Ni tofauti ndogo, ila jicho huizoea baada ya sarafu chache.

Mengine hayahitaji chombo chochote ila historia. Dola za biashara za Marekani zilipigwa kuanzia 1873 hadi 1885, na bado zipo zinazouzwa zikiwa na mwaka 1799. Francis Leroy Henning wa New Jersey alighushi vipande vya senti 5 vya mwaka 1944 na kuviingiza katika mzunguko mwanzoni mwa miaka ya 1950, akasahau kwamba vile vya miaka ya vita vilikuwa na herufi kubwa ya kiwanda juu ya kuba la jengo lililoko mgongoni. Uelekeo nao ni ushahidi: sarafu za Marekani, ukizigeuza kutoka kushoto kwenda kulia, mgongo hutokea kichwa chini, na mwigizaji asiyejua hilo hupiga pande zote mbili zikiangalia juu.

Inapobaki shaka, hasa kwa sarafu ya dhahabu au yenye mwaka adimu, ipelekwe kwa kampuni ya uthibitishaji au kwa mtaalamu asiye na nia ya kuinunua. Mashine ya miale ya eksirei inayosoma metali ni msaada mzuri, ila husoma ngozi ya juu tu, na sarafu iliyochovywa vizuri inaweza kuipita. Iliyothibitika kuwa bandia isiuzwe kama halali wala isitumike kulipia kitu. Kughushi sarafu na kuzipitisha ni kosa ambalo mataifa yalikubaliana kulipiga vita kwa mkataba uliotiwa saini Geneva mwaka 1929, na asiyejua jana hawezi kujitetea kwa kutojua leo.

Wala isiyeyushwe. Bandia za zamani zina wakusanyaji wake, na kwa mwanahistoria zinaeleza watu waliikubali sarafu ipi na kwa kuangalia nini. Itiwe katika bahasha yake peke yake, ya karatasi isiyo na tindikali, na juu yake yaandikwe neno BANDIA kwa wino usiofutika, uzito wake hewani, namba iliyosomwa majini, dalili iliyoonekana na mahali ilipo, tarehe ya uchunguzi, na lolote linalokumbukwa kuhusu aliyeileta nyumbani na alikoipata.